Barua ya wazi kwa uongozi wa kiwanja cha ndege: achari yangu iliwakosea nini?

Tanga, 7 Novemba 2025

Kwa Mkurugenzi na uongozi wote wa kiwanja cha ndege nilichosafiria mwezi Juni (jina silitaji hapa, tarehe na namba ya safari mnazo katika malalamiko yangu matatu ya awali)

YAH: CHAKULA CHA NYUMBANI KUTUPWA KWENYE UKAGUZI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nawasalimu, na poleni na majukumu.

Sikupenda tufikie kuandikiana hadharani. Mwezi Juni nilijaza fomu ya maoni nikaitumbukiza kwenye lile sanduku lenu lenye kufuli. Julai nikaandika barua pepe, nikajibiwa na mashine kwamba ujumbe wangu ni muhimu sana. Septemba nikapanda basi nikaja mwenyewe, nikaandika jina kwenye daftari la wageni, nikakaa kwenye kiti cha plastiki saa mbili na robo, kisha dada mmoja mwenye heshima zake akanieleza kwamba suala langu litafanyiwa kazi. Mpaka leo sijui kazi hiyo imepewa nani.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu. Miaka 31 nimefundisha watoto wa watu kupima, kuchemsha na kuhifadhi chakula, kwa hiyo mililita 100 nazijua bila kuonyeshwa. Wala sipingi sharti lenyewe. Nakumbuka lilikotoka: Agosti 2006 polisi wa Uingereza walivunja njama ya kulipua ndege zilizokuwa zikielekea Amerika Kaskazini, kwa vilipuzi vya majimaji ambavyo vingefichwa kwenye chupa za vinywaji. Tangu hapo sehemu kubwa ya dunia tumebeba vichupa vya mililita 100 ndani ya mfuko wa lita moja. Sawa. Nami nina wanangu wanaopanda ndege, nataka wafike salama.

Juni nilikuwa naenda Rotterdam kwa binti yangu aliyejifungua mtoto wa kwanza. Anayejua mambo ya arubaini hahitaji kuambiwa nilibeba nini: pilipili manga ya uji, habasoda, tangawizi kavu, asali kilo moja, ukwaju, vileja, halua kwenye kikapu chake, na chupa mbili za achari ya ndimu. Samli niliiacha, roho ikiniuma, na nyama ya kukausha vilevile, kwa sababu Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri kutoka kwetu kuingia na nyama wala vyakula vya maziwa. Asali wanaruhusu mpaka kilo mbili. Embe haliingii bila cheti cha afya ya mimea, lakini nazi, ndizi, nanasi na tende zinaingia. Keki na vitamutamu visivyotiwa nyama havina neno, na halua imo humo. Haya yote niliyasoma mwenyewe, kwa miwani hii hii, kabla sijafunga begi. Nayataja mapema ili nisijibiwe kwamba tatizo ni abiria wasiosoma.

Sasa malalamiko yangu, moja baada ya jingine.

1. Mizani yenu na mashine yenu hazisemezani.

Hili ndilo kubwa, na kama mna nafasi ya kusoma moja tu, someni hili.

Kwenye kaunta ya mizigo sanduku langu lilisoma kilo 25.6. Ruhusa ilikuwa 23. Kijana wa kaunta, mpole kabisa, akaniambia: "Mama, ukilipia kilo za ziada utaumia. Toa vitu vizito weka kwenye begi la mkononi." Nikamuuliza, "Mwanangu, vizito vyenyewe ni achari na asali, hizo si za maji?" Akajibu, "Hicho ni chakula, mama. Chakula kinaruhusiwa."

Nikapiga magoti pale sakafuni, mbele ya watu, nikafungua sanduku. Kanga za mzazi huku, nguo zangu za ndani kule, nikachomoa chupa mbili za achari, asali na ukwaju. Halua tangu mwanzo ilikuwa mkononi, maana halua haiwekwi chini ya viatu. Mizani ikarudi 23 kamili. Sanduku likapigwa kibandiko, likapanda mkanda, likaenda zake.

Kutoka pale mpaka kwenye ukaguzi nilihesabu Septemba: hatua 62. Katika hatua hizo 62 achari yangu iligeuka kutoka chakula ikawa majimaji.

Kijana wa ukaguzi, umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, aliishika chupa kwa vidole viwili. Akaiinamisha kushoto, akaiinamisha kulia, anaangalia mafuta yanavyoteremka taratibu juu ya ndimu. Akasema, "Mama, hii inacheza." Nikamwambia achari yoyote ya maana lazima icheze. Hakucheka.

Nikaomba nirudi kaunta niirudishe sandukuni. Sanduku limeshaondoka. Nikaomba nimpe mpwa wangu, alikuwa bado yuko nje ya mlango ananipungia mkono. Akaniambia nikitoka nitapanga foleni upya na ndege itaniacha. Chupa ya kwanza ikaenda pipani, ikagonga chupa za maji, ikapasuka. Ya pili nikamwomba ailaze polepole, akailaza. Sijui kwa nini nilitaka hivyo. Ndimu zile nilizipasua mwenyewe, nikazitia chumvi, nikazianika juani, kila jioni naziingiza ndani, kila asubuhi nazitoa.

Nasisitiza: kijana wa ukaguzi hakuvunja sheria. Achari ile ilizidi mililita 100, na asali pia, tena kwa mbali. Kosa ni la aliyeniambia nizihamishe, na la mpango mzima unaomwacha mmoja aseme hivi na mwingine vile huku abiria akiwa kati. Na si mimi peke yangu. Siku ile ile, kwenye trei ya nyuma yangu, bibi mmoja alinyang'anywa chupa ya pilipili ya kusaga, naye alikuwa anasema maneno yale yale: "Lakini wameniambia hapo mbele nihamishe."

2. Hakuna palipoandikwa nini ni nini.

Bango lenu la ukaguzi lina picha ya chupa ya maji, manukato, dawa ya meno na mkasi. Limeandikwa kwa Kiingereza, na chini yake kuna lugha nyingine ambayo si Kiswahili. Abiria anayetoka Korogwe na kopo la siagi ya karanga atajuaje kwamba hiyo, kwa hesabu za viwanja vya ndege, ni majimaji? Na ni kweli ni majimaji, viwanja vingi duniani vinahesabu hivyo: chochote kinachomiminika, kinachopakika au kinachochukua umbo la chombo chake. Nimefundisha mimi kwamba majimaji huchukua umbo la chombo, lakini sikuwahi kufikiria kwamba siku moja nitaulizwa swali hilo na mtu aliyevaa glavu.

Matokeo yake kila askari ana fatwa yake. Ukwaju wangu ulikuwa umetolewa kokwa na kushindiliwa kama tofali. Wa kwanza akasema upite. Wa pili akaubonyeza, ukabonyea, akasema huu ni tope. Ukatupwa. Mwaka 2023 nilipita hapo hapo na ukwaju wa namna hiyo hiyo, wala hakuna aliyeuliza.

Kwa kuwa ninyi hamjaandika, nimewaandikia mimi orodha, mkitaka muichukue bure. Vinavyocheza: achari, asali, samli, tui, chatne, pilipili ya kusaga, siagi ya karanga, mchuzi wa aina yoyote hata ukiwa mzito vipi, na urojo (ingawa anayesafiri na urojo ana matatizo mengine). Hivyo vikizidi mililita 100 viende kwenye sanduku. Visivyocheza: vileja, visheti, kashata, mabuyu, korosho, dagaa wakavu, viungo vya kusaga, mkate wa kumimina. Vya ubishi: halua, ukwaju, tende zilizoshindiliwa. Hivi vya ubishi ndivyo vinavyohitaji neno lenu, neno moja, lililoandikwa, ili askari wa asubuhi na wa jioni waseme kitu kimoja.

Na mbata iwe na mstari wake. Watu wengi hawajui kwamba nazi iliyokaushwa imo kwenye orodha ya kimataifa ya mizigo hatari, kwa sababu ya mafuta yake inaweza kupata joto ikawaka yenyewe. Nazi nzima haina shida hiyo. Kwetu pwani, ambako mbata inaanikwa uani na kuku wanaipita, nani atalijua hilo bila kuambiwa?

3. Glavu.

Halua ilifunguliwa. Sikushangaa. Mashine zile hupaka rangi ya machungwa vitu vyenye asili ya mimea na wanyama, kuanzia sukari na unga mpaka sabuni, na vilipuzi vingi huangukia rangi hiyo hiyo. Kitu kizito, kimeshikana, cha rangi hiyo, kimefungwa vizuri: ningekuwa mimi nimekaa mbele ya kile kioo, nami ningesema fungua.

Lakini aliyefungua alikuwa ametoka kushika viatu vya bwana aliyenitangulia. Kwa glavu zile zile akafunua ukili, akafunua karatasi, akabonyeza halua katikati kwa kidole cha shahada. Shimo la kidole lilifika Rotterdam. Binti yangu akaniuliza, "Mama, hapa pamefanywa nini?" Nikakata kile kipande nikakitupa, nikamwambia pameharibika njiani.

Mwenzake akasema, "Mama, si utuonjeshe?" Najua ulikuwa utani, na kwetu kumwonjesha mtu si jambo. Ila mtu aliyeshikilia begi lako, saa inakwenda, na ndege inaitwa, nani atamwambia hapana? Nikamega vipande viwili. Tangu siku ile najiuliza kama halua ilipita kwa sababu haikucheza, au kwa sababu ilionjwa.

4. Pipa halina daftari.

Chakula changu kilichukuliwa bila karatasi, bila jina, bila namba. Nilipokuja Septemba, swali la kwanza niliulizwa: "Una ushahidi gani kwamba kilitupwa?" Ushahidi nilikuwa nao puani: harufu ya ndimu na mafuta ya haradali ilinifuata mpaka kwenye kiti cha ndege, maana chupa ilipopasuka iliruka kwenye mkono wa baibui. Huo siwezi kuuambatanisha.

5. Duka, na mfuko.

Haya mawili nayapitia haraka. Ndani, baada ya pipa, kuna duka linauza achari, chupa ya gramu 250, bei kwa dola. Naelewa kwamba bidhaa za duka hukaguliwa kwa mlango wake na hazina uhusiano na begi langu. Sina ugomvi na duka. Nimeona tu kwamba wao wameweza kuandika "achari" kwa herufi kubwa na ninyi mmeshindwa.

Kuhusu mfuko: Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, ile mifuko midogo ya zipu ya vifaa vya kuogea iliachwa kwa wageni, ilimradi waondoke nayo. Mimi mwenyeji nikaambiwa pale ukaguzini krimu zangu ziwe ndani ya mfuko wa zipu, nikauliza nitaupata wapi, nikaonyeshwa lile duka.

Najua mtakavyojibu, kwa hiyo nianze kujibu mimi.

Mtasema ni sheria za kimataifa, hamna mkono. Kiwango cha mililita 100 ni cha kimataifa, nakubali. Lugha ya bango si ya kimataifa. Mahali pa kuliweka bango si pa kimataifa. Kubadili glavu hakuhitaji mkutano wa nchi wanachama.

Mtasema wale wa kaunta si waajiriwa wenu, ni wa kampuni ya kuhudumia mizigo. Abiria hajui nani analipwa na nani. Wote nimewakuta chini ya paa lenu, wote wana vitambulisho shingoni, na anayetoa ruhusa ya kampuni ile kufanya kazi humo ni ninyi.

Mtasema mashine mpya za ukaguzi, zisizohitaji sharti la mililita 100, zinakuja na tatizo litakwisha lenyewe. Zikija tutashukuru. Lakini wenzetu tayari wamezipata na bado walihangaika: kiwanja cha ndege cha London City, Uingereza, kiliacha sharti la mililita 100 mwaka 2023, mwaka uliofuata likarudi. Umoja wa Ulaya nao ulirudisha sharti kwenye viwanja vyake vyenye mashine hizo kuanzia 1 Septemba 2024. Tofauti ni kwamba walitangaza mwisho wa Julai, mwezi mzima kabla, kila msafiri akajua. Mashine hazikuwatosha, bado walilazimika kusema na watu.

Na mtasema, pengine si kwa maandishi, kwamba ni achari tu. Hapo ndipo tutakapokosana. Binti yangu alikaa arubaini yake kwenye ghorofa ya tano, mume wake kazini, mvua dirishani, anakula uji wa pilipili manga nilioupika kwa jiko la umeme linalozimika lenyewe. Siku ya tatu akasema, "Mama, natamani achari tu, wali utashuka." Nikatoka nikatafuta, nikanunua chupa dukani. Ilikuwa tamu. Achari tamu! Aliila kwa heshima yangu.

Ninachoomba ni hiki:

Kwanza, bango kubwa la Kiswahili, lenye picha, liwekwe kabla ya mizani na si baada yake, likitaja vyakula vyetu kwa majina yetu. Orodha nimeshaitoa hapo juu, sidai malipo.

Pili, kila mhudumu wa kaunta aagizwe kwamba kabla hajamwambia mtu "hamishia begi la mkononi" amuulize kwanza: kinacheza au hakichezi? Swali moja. Wekeni pia benchi na mizani ndogo pembeni, ili mtu apime na kupanga upya bila kupiga magoti hadharani na nguo zake za ndani.

Tatu, kitu kikikataliwa, abiria apewe njia mbili zaidi ya pipa: kukirudisha kaunta kiingie na mzigo wa chini kama muda unaruhusu, au kukiacha kwenye dawati kikiwa na jina, ndugu yake aliyemsindikiza akichukue siku hiyo hiyo. Mpwa wangu alikuwa umbali wa kurusha jiwe.

Nne, glavu mpya kwa kila chakula kinachofunguliwa, afungue mwenye chakula mwenyewe, na askari aangalie. Kuonja kukome kabisa.

Tano, daftari la vitu vilivyotupwa, na kikaratasi kwa abiria. Mtajifunza mengi humo. Mkikuta mwezi mmoja chupa nyingi za achari zimeingia pipani, mtajua bango limewekwa pabaya.

Sidai fidia ya ndimu, chumvi wala nauli ya basi la Septemba. Naomba jibu la maandishi, lenye jina la mtu na cheo chake, kabla ya tarehe 15 Desemba. Mkitaka nije tukae, nitakuja, na bango nitawasaidia kuliandika. Mwandiko wangu wa ubaoni bado upo.

Tarehe hiyo sikuichagua ovyo. Januari nasafiri tena kwenda kumwona mjukuu, na ndimu nimeshazianika. Ziko juani tangu Jumatatu, mvua za vuli zikinipa nafasi. Chupa zitakuwa mbili, na sanduku safari hii nitalipima nyumbani kwa mizani ya muuza mkaa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu
Abiria wenu